KEKI YENYE MATUTA: Mjini fasheni, Lusu kasheshe!

Msomaji wangu, siku hizi ukialikwa kwenye harusi za wenye nazo pale Dar, usishangae kukuta keki ya ghorofa tatu ambayo ukiitupia jicho la haraka utadhani fundi aliitwa msibani kabla hajaimaliza. Krimu imepakwa kwa kisu ikaachwa na mistari na mabonde yake. Huku na kule keki yenyewe inachungulia kwa ndani, rangi ya kahawia. Pembeni kimechomekwa kitawi cha majani, na chini, badala ya stendi ya kioo, kuna kipande cha gogo na magome yake! Ukiuliza bei utaomba maji ya kunywa.

Hiyo ndiyo fasheni, jamani. Keki ya kishamba. Watoto wa mjini wanalipa pesa nzuri ili keki yao ionekane imetoka shamba. Mimi naipenda, nasema wazi, na sababu zangu nyingi wala si za urembo, nitazieleza.

Lakini ichukue keki hiyo hiyo uipeleke shamba kwenyewe, uone moto wake. Mwaka jana mwezi wa nane niliongozana na fundi keki mmoja, dada wa pale Nzega mjini, kwenda kupeleka keki ya harusi Lusu. Mimi nilikuwa mbeba vyombo na mshika mwavuli, na kazi ya kuandika nikaipachika humo humo.

Kwa asiyepajua, Lusu ipo wilaya ya Nzega, mkoani Tabora. Wengi walilisikia jina hilo enzi za mgodi wa dhahabu wa Golden Pride, ulioanza kazi mwishoni mwa miaka ya 90 na kufungwa mwaka 2014. Mgodi umekwenda zake, watu wamebaki na mpunga wao, mahindi, karanga na ng'ombe. Harusi wanaipenda ifungwe kiangazi, mavuno yakiwa ndani na mifuko haijatoboka. Na harusi siku hizi bila keki ya ghorofa, kamati haiwezi kutoa kadi za michango ikaeleweka.

Dada fundi alikuwa amepokea nusu ya malipo. Hiyo nusu iliishia yote kwenye unga, mayai, siagi na sukari ya unga. Faida yake ilikuwa kwenye nusu ya pili, na hiyo hulipwa keki ikishafika na kukubaliwa. Tena ndiyo ilikuwa keki yake ya kwanza ya ghorofa tatu kutoka nje ya mji. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo: ukiharibu harusi moja, habari zako zinakutangulia mpaka Igunga.

Mtindo alichagua bi harusi mwenyewe, ambaye anafanya kazi Mwanza. Alituma picha kwenye simu na maneno mafupi: "Nataka hii hii, na matuta yake." Mama mzazi hakuonyeshwa picha. Shikilia hapo, tutarudi.

KRIMU NA JUA LA TABORA

Nianze na krimu, maana hapo ndipo wengi wanapoanguka. Wazazi wetu walizoea aising ya kale, ile ya ute wa yai, sukari ya unga na ndimu. Ikikauka inakuwa kama chokaa. Haiogopi jua, haiogopi safari, ila kuikata mpaka bwana harusi akunje mikono ya shati. Halafu ikaja fondanti, ule unga wa sukari unaosukumwa kama chapati na kuvikwa keki ikawa laini kama kigae cha bafuni. Inapendeza, sikatai. Lakini kwenye hewa kavu ya kiangazi inapasuka nyufa kwenye kona, na ukiitoa kwenye friji kuipeleka kwenye joto inatoka jasho kama mcheza dansi.

Krimu ya siagi hesabu yake ni rahisi: nusu kilo ya mafuta kwa kilo moja ya sukari ya unga iliyochekechwa, chumvi ya kunyunyiza, vanila, na maziwa vijiko viwili au vitatu. Kwa ghorofa tatu za sentimeta 30, 23 na 15, dada alitengeneza kiasi hicho mara mbili na akabakiwa na akiba ya kurekebishia. Fundi wa keki laini angehitaji zaidi.

Tatizo ni joto. Siagi halisi inayeyuka kwenye nyuzi kama 32 hadi 35, na kulegea inaanza kulegea mapema kabla ya hapo. Tabora mwezi wa kumi jua linapita nyuzi 30 bila kubisha hodi, na hata kama Agosti ni nafuu, ingia chini ya turubai saa tisa alasiri halafu uniambie. Kwa hiyo dada hatumii siagi peke yake. Anachanganya nusu siagi, nusu mafuta magumu meupe ya kupikia, ambayo yanavumilia joto la juu zaidi. Lakini usizidishe, maana ukizidisha mgeni atahisi amelamba mshumaa.

Wengine wanatumia Blue Band tupu kwa sababu inapatikana kila duka na ni ya bei nzuri. Inafanya kazi, ila krimu inatoka na manjano. Ukiipiga dakika kumi bila kuionea huruma inafifia. Ukitaka weupe zaidi, chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye rangi ya zambarau, gusa krimu, piga tena. Kijiti cha meno, siyo kijiko! Zambarau inaumeza unjano, lakini ikizidi utakuwa na keki ya msiba.

Na asali, je? Uko Tabora, nchi ya miombo na mizinga, halafu usitie asali? Dada alipaka asali iliyochanganywa na maji ya moto katikati ya tabaka za keki. Kwenye krimu yenyewe hakutia zaidi ya vijiko viwili, kwa kuwa asali inalegeza krimu.

MATUTA YANAVYOPIGWA

Keki tatu zilipikwa kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Usiombe kuona jinsi dada anavyopima moto kwa kiganja. Kupamba alianza saa nne usiku, na sababu ni ya akili: hana friji kubwa, na usiku wa Agosti kule unapoa vizuri. Usiku ndiyo friji yake.

Koti la kwanza ni jembamba kabisa. Kazi yake ni kunasa makombo tu, yasije yakaonekana juu. Hilo linaachwa likazike. Koti la pili ndilo lenye urembo. Alipaka krimu kwa kisu kipana, keki ikiwa juu ya sahani inayozunguka, kisha akachukua mgongo wa kijiko akaanzia chini, akakibana taratibu huku anazungusha na kupanda juu. Tuta likafuata tuta. Mnyamwezi yeyote aliyelima viazi angeujua mkono ule.

Sasa sababu zangu nilizoahidi ndizo hizi. Keki laini ikiguswa kidole safarini imekwisha, alama inaonekana mpaka mlango wa kanisa. Keki ya matuta ukiigusa unachukua kijiko, unapitisha mara moja, hakuna atakayejua. Koti lake ni jembamba, kwa hiyo gharama inapungua na uzito pia, na krimu nyembamba haiporomoki ovyo. Mtindo huu walioupeleka mjini kwa urembo, kwa barabara zetu na umeme wetu wa kukatika ni mtindo wa akili. Ndiyo maana nilikwenda Lusu nikiamini tunapeleka kitu cha maana.

Ndani ya ghorofa ya chini na ya kati aliingiza vijiti vitano vitano vya mwanzi uliosafishwa, vimekatwa sawasawa na kimo cha keki. Juu ya vijiti inakaa keki inayofuata, ikiwa kwenye kadibodi yake iliyofungwa foili. Uzito unabebwa na vijiti, keki ya chini haijui kitu. Ukikata kijiti kimoja kirefu kuliko wenzake, ghorofa inainama kama mlevi.

Na keki haisafiri ikiwa imesimama! Kila ghorofa na boksi lake, boksi likabane chini, siyo kwenye mapaja ya mtu. Nililishikilia la katikati ndani ya Noah iliyokuwa imejaa na maspika ya muziki. Nikawa nawaza wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliopita nchi hii na pembe za ndovu wakitokea Unyanyembe, mzigo wa kilo 30 na zaidi kwa mtu mmoja, kwa miguu mpaka Bagamoyo. Sisi na kilo kumi za keki, ndani ya gari, dereva anaombwa kila tuta apunguze mwendo kama amebeba mgonjwa.

"HII MBONA HAIJAISHA?"

Tulifika saa tano. Misa ilikuwa saa saba. Tukapewa chumba cha ndani chenye ubaridi, dada akapanga ghorofa zake juu ya kipande cha gogo la mninga. Ilipendeza, nakwambia. Nikapiga picha.

Mama mzazi akaingia, kitenge kipya, kilemba kimekaa.

"Shikamoo mama," dada akaanza.

"Marahaba mwanangu. Poleni na safari." Akaizunguka keki mara moja. Akaizunguka mara ya pili. "Sasa mwanangu, hii mbona haijaisha?"

"Imeisha mama."

"Imeisha wapi? Mimi nyumba hii nilipoipiga lipu nilisimama na fundi mpaka akafuta alama zote za mwiko. Leo mwanangu anaolewa, keki ina alama za mwiko kila mahali!"

Shangazi mtu, aliyekuwa mlangoni, akaongeza petroli: "Matuta hayo yanasubiri mbegu?"

Akaitwa mwenyekiti wa kamati. Mwenyekiti naye akaitazama keki kama anayekagua ng'ombe wa mahari, akasema kwa sauti ya kikao kwamba kamati ililipia keki "kamili", na kwamba hiyo salio ingebidi izungumzwe. Dada yangu fundi alinyamaza, lakini niliona kidevu kinacheza. Bi harusi alikuwa saluni Nzega. Simu ilipopatikana alisema anataka vile vile. Mama akajibu, "Wewe unataka, mimi ndiye nitakayeulizwa," akakata.

Nikaona niingilie, si ndiyo faida ya kusoma magazeti. Nikamweleza mama kwamba harusi ya Prince Harry na Meghan, tarehe 19 Mei 2018 kule Windsor, keki yake ilikuwa ya limau, imepakwa krimu ya siagi na kupambwa maua mabichi, siyo ile aising ngumu iliyozoeleka kwenye harusi za kifalme. Kwamba fundi wake, Claire Ptak, ana duka lake London na wala hakuona aibu.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima zote. Kisha akasema: "Mwanangu, wale ni wafalme. Hata wakivaa kandambili watu watasema fasheni. Mimi nikiweka keki haijapigwa lipu, watasema pesa iliniishia."

Msomaji, nilikosa la kusema. Na baadaye nilipofikiri, nikaona mama alikuwa ndani ya historia kuliko mimi. Huo weupe laini unatoka mbali. Malkia Victoria alipoolewa mwaka 1840 keki yake ilikuwa nyeupe, ya uzito wa kilo kama 136. Wakati huo sukari nyeupe safi ilikuwa ghali, kwa hiyo weupe ulikuwa ni kuonyesha uwezo. Mwaka 1882, kwenye harusi ya mwanawe Leopold, ghorofa zote zikawa keki kweli kweli badala ya sukari ya mapambo tu. Watu duniani kote wakaiga, mpaka ikatufikia. Mwenye nacho cha kutosha anaweza kucheza na umaskini kwenye sahani, akaita kishamba akacheka. Aliyeuza magunia ya mpunga ili binti yake aheshimiwe ukweni hana nafasi ya mchezo huo. Hapo ndipo wale wa mitandaoni wanaposahau kutuambia ukweli wa fasheni hii.

MAJI YA MOTO

Dada fundi hakubishana. Na hapo ndipo nilipomvulia kofia. Akafuta mikono, akasema, "Mama, naomba maji ya moto kwenye jagi, na nusu saa."

Akatoa ile krimu ya akiba. Akaipaka kwenye ghorofa ya juu tu, ile ndogo ya sentimeta 15. Kisha akachovya kisu kipana kwenye maji ya moto, akakifuta kikauke kabisa, akapitisha mara moja kuzunguka. Akachovya, akafuta, akapitisha. Kisu cha moto kinayeyusha ngozi ya juu ya krimu kidogo sana na kuacha uso laini kama lipu. Lakini kisu kikiwa na maji umeharibu, krimu inaota malengelenge. Ghorofa ya juu ikawa nyeupe, tulii.

Zile mbili za chini hakuyafuta matuta. Aliyarudia. Usiku alikuwa ameyapiga kwa mkono wa raha, yanapanda na kushuka kama kwenye picha ya bi harusi. Sasa akayanyoosha, tuta kwa tuta, sawa kwa sawa mpaka juu. Yaliponyooka, hata mimi niliona tofauti: hakuna tena aliyeweza kusema kazi imeachwa njiani.

Vile vitawi vya majani makavu vikatolewa, mama akapeleka mtoto kuchuma bogenivilia za zambarau. Hapa niwape tahadhari wapambaji wa nyumbani. Si kila ua ni la kuweka kwenye chakula. Lolote lenye utomvu mweupe liache, na mnyaa ule wa uzio usiusogeze hata kwenye meza. Oleanda, ile ya maua ya pinki inayopandwa kwenye bustani, ni sumu. Na hata ua salama, shina lake lifunge kwa foili kabla ya kulichomeka.

Kuhusu gogo, mama hakuwa na neno. Mninga ni mninga.

Akaizunguka keki tena. Akagusa ukingo wa meza, hakugusa keki. "Haya," akasema, "angalau sasa ina kichwa." Shangazi akanyamaza, ambalo nalo ni jibu.

Kilichobaki ilikuwa vita ya jua na nyuki. Nilisahau kuwaambia: ukitia asali kwenye keki Tabora, umewaalika na wao. Tukaifunika chandarua cha kitanda cha mtoto, dirisha limefungwa, mimi mlinzi. Haikutolewa nje mpaka MC alipoita, maana keki ya krimu haikai mezani tangu asubuhi kama pambo. Dakika arobaini chini ya turubai zilitosha kuyalegeza matuta ya upande uliotazama jua, lakini ghorofa ya juu ilisimama, na kamera zote zilikuwa upande ule mwingine. Nilihakikisha.

Maharusi wakalishana. Bi harusi akapiga magoti, akawalisha wazazi. Nilimtazama mama kama atasema kitu kuhusu ladha ya asali. Alitafuna, akafuta mdomo kwa pembe ya kitenge, akaomba kipande cha pili "cha kumpelekea bibi".

Kwa wale mnaopanga harusi, jueni jambo moja la hesabu. Ghorofa tatu za ukubwa ule zinatoa vipande kama mia moja, vidogo vya heshima. Lusu tulikuwa zaidi ya mia tatu, ukiacha watoto waliopita chini ya kamba. Ndiyo maana nyuma ya nyumba dada alikuwa na trei mbili za keki bapa, hazina pambo hata moja, zikakatwa vipande huko huko na kuletwa kwenye sinia kama vile zimetoka kwenye ghorofa. Trei hizo ni rahisi, na ndizo zinazookoa jina la kamati.

Salio lililipwa saa tatu usiku chini ya mwembe, kwa mwanga wa tochi ya simu, noti zikiwa ndani ya bahasha ya michango. Dada alihesabu mara mbili. Ilipungua elfu kumi. Mwenyekiti akaeleza, bila kutabasamu, kwamba hiyo ni ya yale maji ya moto.